Shemeji anatuuzia jenereta, na kuikagua kumeleta ugomvi nyumbani

SWALI

Shikamoo Mama,

Naishi Tabata na nina watoto wawili. Nina fremu ya kuuza kuku, samaki na nyama za kugandisha. Nilianza na friza moja sebuleni, sasa ninazo tano dukani na friji moja ya vinywaji. Samaki nafuata Feri alfajiri, kuku naletewa na wafugaji wa Pugu na Chanika. Mume wangu ni fundi aluminiamu na kazi zake ni za msimu, kwa hiyo ada za watoto na kodi ya nyumba kwa sehemu kubwa zinatoka kwenye friza hizo.

Mgao wa mwishoni mwa 2023 kuingia 2024 ulinitesa sana. Nilikuwa nauza samaki jioni kwa hasara ili wasiniharibikie, na wapo wateja wa migahawa walionihama moja kwa moja. Siku hizi kuna afadhali kubwa, lakini kwetu umeme bado unakatika, mara nyingine tangu asubuhi hadi jioni wakitengeneza laini, na ukirudi unarudi mdogo, taa zinawaka nyekundu. Kompresa ya friza moja iliungua namna hiyo. Tangu hapo wazo la jenereta halijanitoka.

Sasa kaka mkubwa wa mume wangu ana jenereta ya dizeli, KVA 20, injini ya Perkins, mtumba wa Uingereza, iko ndani ya boksi lake la kupunguza kelele. Aliipata kwa mkandarasi aliyekuwa anadaiwa naye. Fedha ilipokosekana akapewa jenereta. Imekaa kwake Goba chini ya turubai. Anatuuzia milioni 9. Tutangulize milioni 6, tatu zilizobaki tulipe kidogo kidogo.

Mama, huyu shemeji si mtu wa kumsema vibaya. Mume wangu alipokaa bila kazi, yeye ndiye aliyetulipia kodi. Nilipojifungua kwa upasuaji, yeye ndiye aliyelipa hospitali, na hajawahi hata siku moja kunikumbusha.

Tulipokwenda kuiona nilimchukua fundi wa majenereta niliyeelekezwa na jirani yangu wa fremu. Mume wangu sikumwambia mapema, niliona ni jambo la kawaida. Fundi alipoweka mkono kwenye injini akakuta ina joto tayari. Ikawashwa, ikalia vizuri. Akaomba iwekewe mzigo aone inavyobeba, shemeji akasema pale kwake hakuna mahali pa kuiunganisha, na yeye ameshaihakikisha mwenyewe. Mita ya masaa inasoma 2,400 na kitu. Tulipokuwa tunaondoka fundi akanivuta pembeni: "Dada, hii injini imeshafunguliwa, na hiyo mita usiiamini, skrubu za paneli zimeguswa." Akaongeza kwamba anaijua nyingine ya uhakika Gerezani, milioni 8, nikitaka anipeleke.

Usiku mume wangu alinijia juu. "Umemletea kaka yangu fundi kama mtu anayenunua kwa mwizi." Kweli shemeji amenuna, simu zake zimekatika. Mume alishampa neno kwamba tunaichukua. Mama mkwe naye amenipigia, akaniambia kwa upole kwamba ndugu hawapimani. Shemeji anasema kuna mtu wa Mbagala anaitaka, anatusubiri hadi mwisho wa mwezi.

Kuhusu fedha, milioni 3.5 ni gawio langu la kikoba. Milioni 2.5 ningekopa kikoba hichohicho kwa riba ya asilimia 10, kurejesha miezi sita, na dhamana ni friza zangu mbili.

Nikikataa naonekana sina shukrani. Nikikubali na mashine ikafa, zinazoondoka ni friza zangu, na shemeji sitakuwa na mdomo wa kumdai. Nifanyeje?

Mama wa friza, Tabata

JIBU

Marahaba mwanangu. Pole kwa mzigo huu, na hongera kwa kazi uliyoijenga kutoka friza moja ya sebuleni.

Ulivyoniandikia, una njia mbili tu: uinunue ubebe hasara, au uikatae ubebe lawama. Nikiisoma barua yako taratibu naona mambo matatu yamefungwa kamba moja: umeme wa dukani kwako, wema ambao shemeji aliwatendea, na neno ambalo mumeo alilitoa kabla ninyi wawili hamjakaa. Yakikaa pamoja hivyo, ukigusa moja yote yanalia. Naomba tuyafungue.

Nianze na lililokuuma zaidi, ile siku ya Goba. Wewe umetoka pale na shaka kwamba unafichwa kitu. Mumeo ametoka akiona kaka yake katukanwa. Je, inawezekana nyote wawili mmeona zaidi ya kilichokuwepo? Shemeji hakuinunua mashine hii kwa kuichagua. Aliipokea kwa deni. Alichokijua yule mkandarasi hakikuandikwa popote, na kama kuna ubovu, huenda shemeji mwenyewe ndiye wa kwanza kuuziwa. Injini kuwa na joto kuna maelezo mawili. Injini iliyochoka, ambayo mgandamizo wa silinda umepungua, huwaka kwa taabu ikiwa ya baridi, kwa hiyo mwenye nia mbaya huipasha moto kabla wageni hawajafika. Lakini hata mtu mwema anayetarajia wageni huiwasha mapema asiaibike ikikataa kuwaka mbele yao. Mkono wa fundi ulihisi joto, haukuhisi nia.

Lile la mita ni zito kidogo. Paneli ya jenereta inaweza kubadilishwa kwa sababu safi kabisa, kwa kuwa vifaa vyake vya umeme hufa kabla ya injini. Ila injini ya dizeli ya mizunguko 1,500 kwa dakika, ikibadilishiwa oili na filta kwa wakati, hufanya kazi maelfu mengi ya masaa kabla ya kuhitaji kufunguliwa. Kama hii kweli imefunguliwa na mita inasoma 2,400, basi ama mita haisemi yote, ama huko ilikotoka iliteswa. Hapo una swali la haki, na unaweza kuliuliza bila kumwita mtu mwongo: nani aliifungua, alibadilisha nini, risiti za vipuri ziko wapi?

Fundi wako naye, mwanangu, mtazame kwa jicho lilelile. Simshutumu, alichokisema kinaweza kuwa kweli tupu. Lakini kwa pumzi ileile aliyoiponda mashine ya Goba alikutajia ya Gerezani, na anayekupeleka dukani mara nyingi ana chake huko. Mtafute wa pili asiye na mashine ya kuuza, mlipe kazi ya kukagua peke yake, iwe mtainunua au la.

Kukagua kwenyewe kukoje? Injini isiyobeba kitu karibu kila mara hulia vizuri, kwa hiyo ile siku ya Goba haikuwaambia jambo. Inatakiwa iwashwe ikiwa ya baridi kabisa, imelala usiku mzima. Kabla ya kuiwasha fundi afungue rejeta aone kama kuna utando wa oili juu ya maji, achomoe kijiti cha oili aone kama oili imegeuka kama maziwa. Hizo ni dalili za gasketi kupitisha. Ikishawaka na kupata joto atazame moshi. Wa bluu unaoendelea ni oili inayoungua ndani, mweusi mzito ni nozeli mbovu au mzigo uliozidi, mweupe usiokwisha ni dizeli isiyoungua au maji yanayopenya kwenye silinda. Alegeze kifuniko cha oili injini ikiwa sailensa, yaani inaunguruma taratibu bila mzigo; ikipuliza kwa nguvu hapo, ringi zimechoka. Kisha mzigo. Shemeji anasema hakuna pa kuunganisha, na ni kweli kwamba kuifunga nyumba nzima si jambo dogo. Lakini fundi wa umeme anaweza kuja na sakiti breka yake, hita za maji, majiko ya umeme na pasi, akaipandishia mzigo taratibu kwa saa nzima huku anasoma mita: volti zitulie karibu na 230, mizunguko ya umeme karibu na 50 kwa sekunde, zikiyumba mzigo unapoingia zirudi upesi.

Aangalie pia kama ni ya fezi moja au tatu. Kama ni ya fezi tatu na fremu yako ni ya fezi moja, friza zako zote zitakaa kwenye fezi moja na sehemu kubwa ya jenereta haitakusaidia chochote.

Na hapa ndipo nataka tukae zaidi, kwa sababu katika barua yako yote sikuona mahali ulipojiuliza: KVA 20 za nini? Jenereta ya ukubwa huo hutoa takriban kilowati 16. Friza ya kawaida ya duka ikiwa inafanya kazi hula kati ya wati 150 na 300. Chukua zako tano, friji ya vinywaji, taa na feni, hufiki kilowati 2. Kweli kompresa ikianza huvuta mara kadhaa ya hapo kwa muda mfupi, lakini ukiziwasha moja baada ya nyingine, mashine ya KVA 5 ingezibeba. Jenereta ya dizeli inayobeba chini ya theluthi moja ya uwezo wake kwa muda mrefu haipati joto la kutosha kuchoma mafuta yote. Inajaa masizi, dizeli mbichi na oili zinaanza kuvuja kwenye bomba la moshi, na injini nzima inachakaa kabla ya wakati. Yako ingebeba kama sehemu moja ya nane. Kwa hiyo hata shemeji akikuuzia mashine nzima kabisa, dukani kwako inaweza kuugua kwa kukosa kazi.

Nayo hainywi kidogo kwa kuwa mzigo ni mdogo. Jenereta ya ukubwa huo hata ikiwa na mzigo mwepesi huweza kunywa lita mbili hivi kwa saa. Umeme ukikatika kwa muda wa saa nane, ni lita 16. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Chukua bei ya dizeli ya mwezi huu, zidisha, halafu weka kando ya faida unayoipata kwa siku moja. Hesabu hiyo ifanye wewe na mumeo pamoja, kwenye karatasi moja.

Halafu nirudi kwenye hasara uliyonitajia. Kompresa haikuungua kwa sababu umeme ulikatika, iliungua kwa sababu ulirudi mdogo. Jenereta haitibu hilo, kwa maana siku umeme mdogo upo utakuwa unatumia wa TANESCO. Friji gadi ya kila friza, inayokata umeme ukishuka na kusubiri dakika chache kabla ya kurudisha, ndiyo dawa ya ugonjwa huo, na bei yake hailingani hata kidogo na ya jenereta. Samaki nao: friza iliyojaa, isipofunguliwa, huhifadhi ubaridi wake kwa takriban siku mbili, na iliyojaa nusu kwa siku moja hivi. Najua wewe unauza, huwezi kuzifunga zote. Lakini je, siku ya kukatika huwezi kuuzia kwenye moja na kuziacha nne bila kuguswa? Mali bila daftari huisha bila habari: andika ni mara ngapi mwaka huu umeme ulikatika zaidi ya siku nzima, na ulipoteza kilo ngapi. Hofu yako ilizaliwa kwenye mgao wa 2023. Baada ya hapo mitambo ya Bwawa la Nyerere kule Rufiji iliwashwa mmoja baada ya mwingine kuanzia 2024, tisa yenye jumla ya megawati 2,115, nawe mwenyewe umesema kuna afadhali kubwa. Haimaanishi transfoma ya mtaani kwako haitaungua. Inamaanisha tu kwamba hofu ya wakati ule huenda si kipimo sahihi cha mashine ya leo.

Daftari likikuonyesha kwamba bado unaihitaji jenereta, haki yako. Ongeza basi gharama ambazo hazimo kwenye ile milioni 9: gari la kuibeba kutoka Goba, betri, oili na filta, nyaya, na chenjiova, ile swichi ya kuhamisha duka kati ya umeme wa TANESCO na wa jenereta. Chenjiova usiiache kwa namna yoyote. Jenereta iliyochomekwa bila hiyo hurudisha umeme kwenye laini na inaweza kumuua fundi wa TANESCO aliye juu ya nguzo. Itakaa wapi? Moshi wake una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu inayoua watu usingizini, kwa hiyo isikae kwenye ukumbi wa nyuma wa fremu. Mwenye nyumba ameulizwa? Majirani watavumilia kelele, au malalamiko yatafika NEMC, baraza la mazingira?

Kuhusu kikoba nina swali moja. Asilimia 10 hiyo ni kwa mkopo mzima au kwa kila mwezi? Kama ni ya mkopo mzima, riba yako ni laki mbili na nusu. Kama ni ya kila mwezi kwa miezi sita bila kupungua, ni milioni moja na nusu. Tofauti hiyo ni kubwa mno kuiacha bila kuuliza. Na dhamana ni friza mbili kati ya tano ambazo jenereta inanunuliwa ili kuzilinda.

Sasa wema wa shemeji. Nimesoma mara ya pili pale uliposema hajawahi kukukumbusha. Basi nani anaiita deni? Yeye, au mumeo, au moyo wako? Sikuulizi ili kukupunguzia shukrani. Shukrani yako ni nzuri na inakuheshimisha. Ninachokiogopa ni kwamba ukinunua kwa malipo ya kidogo kidogo, hamtakuwa mmelipa fadhila ya zamani, mtakuwa mmefungua deni jipya la milioni tatu ndani ya ukoo. Mashine ikifa mwezi wa pili, wewe unaendelea kulipia chuma kisichowaka, na yeye anadai kilicho haki yake. Hapo ndipo ndugu hugombana kweli.

Ipo njia nyingine ya kumtendea wema ambayo hukuitaja. Wewe ni mfanyabiashara, unajuana na watu. Mwenye gesti, mwenye mashine za kusaga, mwenye karakana ya kuchomelea: hao wanazihitaji hizo kilowati 16. Mkimtafutia mnunuzi wa kweli, shemeji anapata fedha yake yote kwa mkupuo. Ubaya wake ni kwamba mashine ikimsumbua huyo mtu, jina lako limo. Kwa hiyo hata hapo ukaguzi unatakiwa. Kuna pia kuichukua kwa kushirikiana na majirani wa fremu, mzigo ukaongezeka na dizeli mkachangia, lakini ushirika wa mashine moja unataka maandishi na unataka mtu mvumilivu, na sijui kama unao majirani wa namna hiyo. Kuna ndogo ya petroli, rahisi kununua, ila kwa kila yuniti ya umeme inakula mafuta zaidi na haidumu kama ya dizeli. Na kuna kuichukua hii hii ya Goba baada ya kupimwa, kwa kutanguliza kiasi ambacho hakigusi mkopo, na karatasi iliyosainiwa kwa mashahidi inayosema itakuwaje ikiharibika ndani ya miezi mitatu. Kila moja ina gharama yake, na wewe ndiye unayeijua nyumba yako.

Lakini kabla ya yote hayo kuna mumeo. Jaribu kuitazama ile siku ukiwa upande wake. Alikuwa mbele ya kaka aliyembeba alipokuwa hana kazi, akaona mgeni anashuka na kuanza kugusagusa, naye hana habari. Huenda pia, na hili liulize wala usilihukumu, yeye ambaye kazi yake ni ya msimu aliona hapa ndipo angeleta kitu chake kwenye duka linaloilisha familia. Ukimwendea na orodha ya ubovu wa mashine atasikia orodha ya ubovu wa kaka yake. Ungeanza na hesabu ya mzigo na dizeli, ambayo haimgusi mtu, nadhani angekuwa na nafasi ya kukusikia. Naye ni fundi: hakuna anayekata aluminiamu kabla ya kupima dirisha, na mwenye nyumba hajawahi kutukanika kwa hilo. Labda yeye ndiye wa kumwambia kaka yake, "Kaka, tunataka kuipima na mzigo, na wewe uwepo uone," kwa sababu likitoka kwake lina uzito mwingine. Neno alilotoa linaweza kubaki neno: tunaichukua ikipita kipimo.

Mama mkwe mpigie wewe, usingoje apige. Mwambie ulivyoniambia mimi, kwamba unampenda mwanawe mkubwa na hujasahau hospitali, na kwamba unaogopa siku mashine itakapokufa watoto wake wawili wasisalimiane. Amezungumza nawe kwa upole. Mtu wa namna hiyo anaweza kuisikia hofu hiyo.

Mwisho wa mwezi usikukimbize. Kama mtu wa Mbagala yupo, akaichukua, shemeji kapata fedha yake na ninyi mna gawio lenu la kikoba likiwa zima, mna muda wa kujaza daftari. Kama hayupo, wiki mbili zaidi za kuipima vizuri hazitamdhuru mtu.